Siku Mama Alipofagia Msitu

Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba mtu anayeacha majani uani mwake ameokoka kweli. Hakulisema waziwazi, maana alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na mwenyekiti hasengenyi, lakini tukipita asubuhi mbele ya boma ambalo halijafagiwa, aliguna. Mguno wake ulikuwa mahubiri kamili. Yeye mwenyewe alianza siku na ufagio. Alifagia kutoka mlango wa jiko hadi zizi la mbuzi, akirudi kinyumenyume asije akaacha alama za miguu, na alipomaliza uwanja wetu ulikuwa na mistari iliyonyooka kama nywele zilizopitishwa kitana. Kuku wa kwanza kukatiza pale alijua kilichomngoja.

Mtu mmoja tu alimshinda mama, naye ni baba. Kando ya jiko palikuwa na mchungwa alioupanda mwaka waliooana, na chini ya mchungwa palikuwa na kigoda chake. Hapo ndipo alipoishi, ukiondoa shamba na kitanda. Akimenya mbaazi, maganda chini. Akila chungwa, maganda chini. Akichonga mpini wa jembe, maranda chini. Mama alisimama mlangoni na kumuuliza kama hajui shimo la taka liko wapi, naye baba bila kuinua kichwa akajibu, "Nitazoa kesho." Nimeyasikia maneno hayo utoto wangu wote. Sikumbuki kesho hata moja aliyozoa.

Alipofariki, wiki baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mama alichukua reki na jembe akaenda chini ya mchungwa. Alizoa maganda ya miaka yote, tabaka kwa tabaka, hadi akafika kwenye udongo, kisha akaufagia udongo wenyewe. Nilidhani huo ni usafi. Siku hizi najua ulikuwa msiba, ila wakati ule sikuona tofauti, kwa sababu mama alikuwa na uso uleule kwa mambo yote mawili. Tangu hapo jani halikulala chini ya mti ule. Lilianguka, likazolewa, likachomwa.

Kisha mvua zikakosa. Ikakosa ya vuli, ikakosa ya masika, ikaja nyingine ikatoa matone ya kutia alama kwenye vumbi ikaenda zake. Mchungwa ukaanza kukunja majani. Machungwa yakawa madogo kama ndimu na makavu ndani. Mama aliumwagilia maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia mikono, hata yale ya kusuuzia mboga, na jioni aliusimamia akiuangalia vile mtu anavyomwangalia mgonjwa aliyekataa uji.

"Huu mti ukikufa," aliniambia siku moja, "mimi nitakuwa nimemzika baba yako mara mbili."

Akaenda kufagia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na sijaitwa popote. Nilikuwa nyumbani, nikila muthokoi wa mama, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kununa. Ndipo akaja daktari.

Lazima nieleze kwanza kuhusu mlima wetu. Uko juu ya mji mdogo wa Salama. Ukisimama kule chini kwenye barabara kuu, katikati ya malori na mahindi ya kuchoma, unaona milima ya vumbi na mmoja wao umevaa kofia ya kijani. Kofia hiyo ni msitu wa mvua. Wageni hawaamini kwamba Ukambani kuna msitu wa mvua, nami siwalaumu, maana hata sisi tunaoishi chini yake tunausahau mpaka tunapokosa kuni. Lakini kule juu ukungu hulala hadi saa nne asubuhi, mashina ya miti yamevaa manyoya ya kijani, na chini pana majani juu ya majani, mguu unazama kama uko kwenye godoro.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Nairobi, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyopoteza umbo zamani. Alikuwa daktari wa majani yaliyoanguka. Hilo kijiji kilikataa kulikubali. Wiki ya kwanza alionyeshwa magoti, migongo na mtoto mwenye upele. "Mimi si daktari wa watu," alisema. "Sawa, daktari," akina mama walimjibu, wakipandisha leso, "lakini angalia tu hii goti." Mwishowe alinunua dawa ya kuchua pale Salama, akawa anachua magoti kila Jumatano. Magoti hayakupona, lakini heshima yake ilipanda.

Alichotaka kujua ni hiki: msitu wa mvua ukikosa mvua, huko chini kwenye udongo kunakuwaje? Majani yanayoanguka yanaoza au yanakaa tu? Jongoo wanakwenda wapi? Nyungunyungu wanazama hadi wapi? Na kwa kuwa hakutaka kungoja ukame, alikuja na maturubai ya plastiki angavu ayatandaze juu ya vipande vya msitu, kama paa, mvua isifike chini. Yaani alikuja Ukambani kuzuia mvua. Alipolieleza hilo kwenye baraza, mzee mmoja aliinua mkono kwa adabu akauliza, "Daktari, hiyo mvua unataka kuzuia, umeiona wapi?"

Watu walicheka hadi naibu wa chifu akagonga meza. Lakini mzee alikuwa amesema kweli. Mwaka ule plastiki haikutandazwa hata siku moja, ilikaa ghalani kwetu, juu ya mahali mahindi yalipopaswa kuwa. Ukame wenyewe ulikuja, ukafanya kazi yote bila kuajiriwa.

Aliyeajiriwa ni mimi. Nilipewa buti za mpira, koti lenye mifuko saba, na cheo cha Msaidizi wa Utafiti, nikakivaa cheo kabla ya koti. Msituni tulikuwa na ploti tisa, kila moja imezungushiwa kamba. Kwenye kila ploti tulifukia vikombe vya plastiki hadi mdomo ukalingana na udongo, tukatia maji ya sabuni kidogo ndani, ili mdudu anayepita atumbukie tumhesabu. Juu tulifunga neti za kunasa majani yanapoanguka. Na kulikuwa na mifuko midogo ya neti iliyojazwa majani, tuliyoyaacha makusudi yaoze ili tuone yanachukua muda gani. Kila Ijumaa nilileta majani nyumbani kwenye bahasha za kaki, yakauke, niyapime.

Mama alinitazama siku ya kwanza nikizipanga bahasha juu ya mkeka uani.

"Unafanya nini?"

"Nakausha majani, mwaitu."

"Hayo majani makavu?"

"Yana maji ndani. Daktari anataka kujua ni maji kiasi gani."

Aliguna. "Huko Tseikuru watu wanafuata maji siku nzima na punda," alisema, "na mtoto wangu, mwalimu, anakausha kitu Mungu amekausha."

Ilinikera. Nilipata jibu baadaye, msituni. Ukame ulipokolea, majani ya juu yalikauka kabisa, ukikanyaga yanalia kama chapati zilizoungua. Vikombe vilianza kutoka vitupu. Jongoo niliwakuta wamejikunja, wamekuwa weupe kama pete za plastiki. Majani kwenye ile mifuko midogo yalikataa kuoza, kwa kuwa waliokuwa wakiyala wamekufa au wamehama. Mimi ambaye nilikuwa nikiruka nikiona jongoo nilijikuta nikimtafuta mmoja aliye hai kwa huruma. Lakini daktari alinishika mkono akanichuchumaza, akafukua majani taratibu, la juu, la kati, la chini, mpaka palipokuwa peusi, akaniambia niweke kidole.

Palikuwa na ubaridi. Miezi yote ile bila mvua, na chini ya majani palikuwa na ubaridi kama ndani ya mtungi.

"Akiba iko hapa," daktari alisema. "Yakitoka haya majani, imekwisha."

Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama niliyetumwa na malaika. Nilimwambia mama auachie mchungwa majani yake, asizoe, asifagie pale, aone. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wauza dawa ya panya sokoni.

"Nilete msitu kwa boma?" alisema. "Nyoka watafuata. Halafu akina mama wakikuja maombi hapa waseme nini, kwamba baada ya mume kufa nimeshindwa na ufagio?"

Tulibishana hadi chai ikapoa. Nilimwambia anaua mti kwa usafi wake, naye akaniambia amefagia kabla sijazaliwa. Asubuhi yake niliamshwa na ufagio chini ya mchungwa, na niliona kama unafagia kwa nguvu kuliko kawaida.

Basi, likaja lile tangazo.

Wakubwa wa daktari walikuwa wanakuja Jumanne kuona ploti na kuamua kama utafiti uendelee au ufungwe. Daktari alitaka kanisani litolewe tangazo, watu wasishtuke wakiona magari. Aliniomba niliandike kwa Kiswahili. Nilifurahi. Nilipata A ya Kiswahili kidato cha nne, na tangu hapo hakuna aliyewahi kunipa nafasi ya kuitumia. Tatizo ni kwamba Kiingereza kina neno moja tu, litter, kwa majani yaliyolala chini msituni na kwa karatasi za peremende zilizotupwa stendi. Nilitafuta neno la kwetu, sikulipata upesi, na kwa kuwa nilikuwa na haraka na kiburi, nikaandika lililokuja.

Mzee wa kanisa alilisoma baada ya sadaka, kwa sauti nzuri: "Wageni mashuhuri kutoka Nairobi watawasili siku ya Jumanne ili kutazama takataka za msitu wetu, kiasi chake, hali yake, na wadudu wanaoishi ndani yake. Nyote mnaombwa kutoa ushirikiano."

Niliona vichwa vya akina mama vikigeuka kimoja kimoja kumtazama mama yangu, nikadhani wanampongeza kwa kuwa na binti anayeandika vizuri. Nilinyoosha mgongo. Mama hakugeuka. Aliomba ile karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Jumatatu nilishuka Salama kununua soda, maji na mkate wa wageni. Nilirudi mchana na bodaboda, na tulipoanza kupanda mlima tulikutana na akina mama wakishuka. Walikuwa wengi, wamefunga leso kichwani, wanaimba pambio, na kila mmoja alikuwa na ufagio begani. Walinisalimu kwa uso wa furaha, uso wa watu waliomsitiri mtu.

"Nenda tu uone," mmoja aliniambia. "Hamtapata aibu."

Nilimwambia mwenye bodaboda aongeze mwendo.

Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini sijaona kitu kama msitu wa mvua uliofagiwa. Ploti ya kwanza ilikuwa udongo mtupu, na juu ya udongo ile mistari ninayoijua, iliyonyooka kama ya kitana. Ya pili vilevile. Ya tatu walikuwa wamekwenda na mizizi ya miti, wakaizunguka mmojammoja kwa ustadi. Neti zangu zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa. Ile mifuko midogo ya majani ilikuwa imemwagwa, ikakung'utwa, ikakunjwa. Na juu ya jiwe moja kubwa vikombe vyote vilikuwa vimepangwa kwa safu, vinang'aa, kama baada ya chai ya kanisa.

Katikati ya ploti ya sita alisimama mama na ufagio wake, akimalizia kona.

"Aiya, umerudi. Pitia huko kando," alisema. "Usikanyage hapo, tumenyunyiza maji."

"Maji gani?"

"Ya kunyunyiza. Vumbi ingepanda. Kila mama amekuja na kadebe."

Kulikuwa na ukame wa kuua mbuzi, na akina mama wa kanisa letu walibeba maji mlimani kunyunyizia msitu ili wageni wasikohoe. Nilikaa chini. Nilikaa palepale kwenye mistari.

"Mwaitu, majani yako wapi?"

"Tumetupa huko bonde. Na mimi nikuulize, hizo vikombe ni nani alizika? Zilikuwa na wadudu wamekufa, tena ndani ya sabuni. Mchezo gani hiyo? Tumeosha mara tatu. Na jongoo zote tumetoa na kijiti."

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Walitupa na vijiti vyao, na kamba zangu, na miezi yangu yote.

Nikamfokea mama. Nasema hivyo bila kujificha: nilimfokea mama yangu mzazi, mwenyekiti, msituni. Nilimwambia ameharibu kazi ya daktari na yangu, kwamba hawezi kuona kitu cha Mungu kimelala chini akakiacha, kwamba ufagio wake utamaliza dunia. Mama alifungua mkoba, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa ile karatasi akaninyooshea.

"Wewe ndiyo uliandika," alisema. "Soma. Takataka za msitu wetu. Watu wa Nairobi wanakuja kuangalia takataka yetu. Ulitaka nikae?"

Nilisoma. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, wa mtu aliyepata A.

Nilimwomba msamaha. Alisema "Sawa," ile sawa ambayo si sawa, akaokota kadebe kake akashuka. Nilibaki nikizunguka kutafuta kilichosalia, na ndipo nikagundua kwamba ploti tatu za juu kabisa hazikuguswa. Njia ya kwenda kule ni mwinuko mkali, na akina mama walikuwa wameshindwa kupanda kwa ajili ya magoti. Ni yale yale aliyoyachua daktari kila Jumatano bila mafanikio. Sijawahi kushukuru ugonjwa wa watu kama siku ile.

Jumanne asubuhi daktari alifika na wakubwa wake watatu, wenye buti mpya. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu njiani, kwa sauti ya chini. Alipofika ploti ya kwanza alivua kofia. Mmoja wa wageni akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mstari wa ufagio, akauliza, "Nani amefanya hii kazi? Imenyooka sana."

Daktari alinitazama. Kisha akatazama juu, kwenye ploti tatu ambazo hazikuguswa, akarudi kwenye zile sita.

"Zimefagiwa jana kwa bahati mbaya," alisema. "Lakini sasa tuna zenye majani na zisizo na majani, mlima mmoja, ukame mmoja. Kama mtaniruhusu, zibaki hivyo."

Wageni walinong'onezana. Ndipo akaja mama, amevaa nguo ya Jumapili, na birika kubwa la chai. Hakuwa ameniambia atakuja. Alipofika kwenye lile jiwe aliona vikombe vimepangwa tayari, akamimina. Nilivitambua vikombe vile kimoja kimoja. Daktari pia alivitambua, tukaangaliana. Wageni walikunywa. Mmoja aliomba aongezwe. Alisema hajawahi kunywa chai yenye ladha ya msitu namna ile.

Utafiti uliruhusiwa uendelee. Wakauliza ni nani atazifagia ploti zile ili zibaki bila majani, nasi sote, pamoja na wao, tukageuka kumtazama mama.

Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa mtu wa kwanza niliyemjua kuajiriwa kufagia msitu. Alikwenda Jumatatu na Alhamisi, akiwa na ufagio wa kazi na ufagio wa nyumbani, zisichanganywe. Aliniita "mwenzangu wa ofisini" mbele ya watu, na tukiwa peke yetu alinisahihisha namna ya kufunga kamba. Alikuwa amenisamehe, ila alitaka niendelee kulipa kidogo kidogo. Majani yake aliyazoa kwenye kyondo, kikapu chake cha kusuka, nikayapima, kisha yakamwagwa bondeni.

Miezi ilipita. Mimi niliona mabadiliko kwenye daftari: ploti zilizofagiwa vikombe vitupu, miche midogo imekauka, udongo moto kiasi cha kuuchukulia kipimo mara mbili kwa kutoamini. Mama hakuhitaji daftari. Siku moja alisimama katikati ya kufagia, akainua ufagio, akafagia tena mara moja, akasikiliza.

"Sikia," alisema.

Nikasikiliza. Ufagio ulikuwa unakwaruza.

"Mwanzo haikuwa inalia hivi. Ilikuwa inasema shwaa, pole pole. Saa hii inasema kwaru, kwaru." Akafagia tena, uso umekunjamana. "Hii sauti mimi naijua."

Hakuniambia anaijua kutoka wapi, na sikuuliza, maana niliijua pia. Niliamshwa nayo kila asubuhi. Ilikuwa sauti ya chini ya mchungwa.

Alipanda mwenyewe hadi ploti za juu, magoti yakilalamika, akachuchumaa, akafukua majani la juu, la kati, la chini, akaweka kidole. Alikaa na kidole pale kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Alipoinuka aliniambia kwamba chai iko nyumbani, akatangulia.

Alhamisi iliyofuata, nilipokwisha kupima majani yake, hakuyamwaga bondeni. Alimwomba daktari ruhusa, daktari akampa, akayabeba kwenye kyondo hadi nyumbani. Niliporudi nilikuta chini ya mchungwa pana mduara wa majani hadi kifundo cha mguu, na kuuzunguka mduara amepanga mawe yaliyolingana, kama kaburi la mtu mkubwa. Nje ya mawe uwanja ulikuwa umefagiwa hadi unang'aa. Hakunitazama. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa na haki na nikanyamaza.

Tatizo lilikuwa akina mama. Walikuja kwa maombi wiki ileile, wakaingia wakiwa wamejipanga, na wa mbele akasimama ghafla, wa nyuma wakamgonga. Wote walitazama chini ya mchungwa. Mmoja akaguna. Alikuwa amejifunza mguno ule kwa mama mwenyewe.

"Mwenyekiti," alisema kwa upole, "ile takataka tukusaidie kuzoa?"

Nilijua kilichokuwa pale kwenye mizani: heshima ya miaka yote ya ufagio upande mmoja, na mti wa baba upande wa pili.

"Hiyo si takataka," mama alisema.

"Ni nini basi?"

Mama alinigeukia mimi msomi. Nilikuwa na miezi yote hiyo ya kulitafuta lile neno na bado sikuwa nalo.

"Hiyo," mama alisema, "ni utafiti."

Akina mama waliutazama utafiti. Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakauzunguka kwa uangalifu wasiukanyage, wakaingia ndani kuomba. Mwezi uliofuata, mama aliyeguna aliniita pembeni akaniuliza kama utafiti unafaa pia kwa miembe. Leo hii ukipita vijijini kwetu utasikia mtu akisema ameweka utafiti kwa ndizi zake, au mbuzi wamekula utafiti wake wote. Daktari aliponiomba nimsaidie kutafsiri ripoti yake, tulipofika kwenye neno lile tuliachana nalo, tukaandika "majani yaliyoanguka".

Mchungwa haukupona wote. Upande wa zizi ulikauka, tukaukata ukawa kuni. Upande wa jiko ulishikilia, na ukungu ulipoanza kushuka tena na mvua chache zikafuata, ukatoa majani madogo ya kijani. Mama aliniita nikiwa naoga ili nije nione jongoo aliyempata chini ya majani. Alikuwa mnene, mweusi, anatembea bila haraka. Mama alimtazama vile alivyokuwa akiwatazama wageni mashuhuri.

Msimu wa mbaazi tulikaa pale wawili, yeye kwenye kigoda cha baba, mimi kwenye jiwe. Alimenya mbaazi kwenye sinia, maganda akayaweka kwenye leso mapajani. Nilipoona yamejaa nikamletea ndoo ya taka, kwa mazoea. Aliitazama ndoo. Kisha akasimama, akaikung'uta leso yote juu ya mduara.

"Miaka hiyo yote nilikuwa namgombeza," alisema. "Kumbe alikuwa analisha mti."

Nilimjua baba yangu. Hakuwa analisha kitu chochote. Alikuwa mvivu wa kuzoa, mvivu wa kutegemewa, na angeshangaa kuliko sisi sote kusikia kwamba alikuwa na sababu. Lakini mama alikuwa analia kidogo, bila sauti, akiendelea kumenya, nami nikaona ukweli ule hauna haraka.

Ganda moja lilikuwa limerukia nje ya mawe, likaanguka kwenye uwanja uliofagiwa. Nikainama kuliokota.

"Wacha hapo," mama alisema. "Utazoa kesho."